Siku moja shimoni, Pemba

RIZIKI: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu, karibuni. Leo namhoji mwenzangu mwenyewe, maana wiki ilopita Faki kaenda kuchimba na watu wa mambo ya kale huko upande wa Micheweni, kutwa nzima shimoni. Haya Faki, mmepata dhahabu?

FAKI: Waalaykum salaam bi Riziki. Hilo ndo suali la kila mtu, hata mzee mmoja alopita na ng'ombe wake kasimama juu ya shimo kauliza hivo hivo. Na siwalaumu, Mtambwe Mkuu hapa hapa Pemba mwaka 1984 zilitoka sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, watu mpaka leo wanahadithia. Sisi tumepata majivu, na mie nlifurahi wallahi.

RIZIKI: Majivu tena! Hebu anzia asubuhi.

FAKI: Saa moja tushafika. Shimo mita mbili kwa mbili, uzi umezungushwa. Mie nlidhani ntapewa jembe, nikapewa mwiko, huu huu wa fundi muashi ila umetiwa tupa ukawa mkali, na hupigi, unakwangua kidogo kidogo kama unavokwangua ukoko chunguni. Juu kule udongo wa shamba la muhogo, mizizi na vigae vya zamani na vipande vya sahani za juzi vyote vimechanganyika, jembe lishapindua. Tulipofika kama sentimita 30 udongo ukageuka, kijivu, mlaini, una mkaa na miba ya samaki, msimamizi akasema simameni nyote, ndoo mpya, mfuko mpya, lebo mpya.

RIZIKI: Kwani ukitia mfuko ule ule kuna nini, si vigae tu?

FAKI: Aa, hapo ndo kazi ilipo. Alolala chini katangulia kufika, alokuja juu kafuata, sasa ukivichanganya huwezi tena kujua nani kala na nani, na udongo ukishauchimba haurudi ulivokuwa. Nlioneshwa pahala pengine watu wamechimba usiku kutafuta mali, bi Riziki roho iliniuma, yani kifusi tu, juu chini chini juu, hata vigae vilobaki havisemi kitu.

RIZIKI: Inalillahi.

FAKI: Afu kwenye chekecheke nkatoa kigae, kidogo cha vidole viwili, kina mifereji miembamba. Nkakitupa pembeni nkijua kimechunika, dada mmoja akakiokota mbio, kumbe ni cha kusugulia shanga! Unachonga gamba la baharini, unalisugua kwenye mfereji mpaka liwe duara. Hapo Tumbe jirani yameshatoka maelfu ya vigae kama hivo, mji wa karne ya 7 mpaka ya 10, watu walikuwa wanatengeneza shanga majumbani mwao. Kidole changu kiliingia kwenye ule mfereji sawasawa.

RIZIKI: Subhanallah. Na mkaa je?

FAKI: Mkaa hugusi kwa mkono, unaokotwa kwa ncha ya mwiko unafungwa kwenye foili, ndo wa kupimia umri. Na udongo wa majivu wanautia kwenye pipa la maji, mbegu zilizoungua zinaelea juu. Kwa njia hiyo wamejua watu wa Tumbe chakula chao kikubwa kilikuwa uwele, mpunga ulikuja kushika baadae, kuanzia karne ya 11 hivi, pale Chwaka, mji wa kale jirani na Tumbe.

RIZIKI: Wapemba bila wali!

FAKI: Ndo hivo. Lakini kilonishika mie ni mchana, chini ya majivu zikatokea duara nyeusi kwenye udongo mwekundu, moja, mbili, ya tatu, zimepangana. Mashimo ya nguzo. Miti imeoza zamani lakini udongo umebaki na rangi yake, na pembeni bonge la udongo limeungua lina alama za fito, kama ukuta wa bibi yetu Konde nlioukandika mwenyewe nkiwa mdogo. Nkakaa kimya.

RIZIKI: Mkamaliza?

FAKI: Saa tisa wakarashia maji ukuta wa shimo rangi zitoke, wakauchora kila tabaka, tukafunika turubai. Kesho yake nna kazi zangu lakini nkapiga simu kuuliza ile duara ya tatu imeishia wapi.

RIZIKI: Enhe, wapi?

FAKI: Sentimita 40 kwenda chini. Alochimbia nguzo ile hakuwa na haraka.