Vyuma si vya mabaunsa peke yao

Kwamba kunyanyua vyuma ni kwa wazee pia nimelisema mahali pengi, na leo nalirudia, kwa sababu hapo mlangoni tu nimeambiwa tena: "Sisi tumeshazeeka, vyuma waachieni vijana."

Vijana wepi? Mwaka 1990, kule Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 86. Mkubwa wao 96. Wakawapa uzito wa kunyanyua kwa miguu, siku tatu kwa wiki. Msidhani walipewa vya kuchezea! Walipandishwa hadi asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa ambao kila mmoja aliumudu. Baada ya wiki 8, nguvu za mapaja zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliweka mkongojo chini. Watatu walikuwa hawawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Mmoja wao akaweza. Sasa wewe wa miaka 55 unaniambia umezeeka?

Leo jioni ukiswali, jiangalie unavyoinuka kutoka sijda. Unashika goti? Unatafuta ukuta? Basi hapo ndipo ilipo kazi yetu.

Najua kuna anayesema moyoni: bibi yangu hakuwahi kuona jimu na alifika miaka 90. Kweli kabisa. Lakini bibi yako alitwanga, alilima, alichota maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na aliitwika kila siku kutoka kisimani. Wewe maji yamo bombani, unga umesagwa, bodaboda inakushusha mlangoni. Mzigo umeondoka, na misuli isiyobeba hupungua. "Lakini natembea." Tembea, moyo unafaidika, ila kutembea peke yake hakutoshi kuzirudisha nguvu hizo.

Naona muda unanibana. Wenye sukari: misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, kwa hiyo nanyi vyuma vinawahusu. Wenye presha: muoneni daktari kwanza, na msibane pumzi mnaponyanyua. Kina mama, hamtageuka wanaume, jamani, hilo tuliache! Shirika la Afya Duniani linataka mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki.

Nimekuja na kiti na ndoo ya lita 10, haijajaa. Mama wa kanga nyekundu, karibu mbele. Kaa. Mikono kifuani. Haya, inuka.