Mtulinga Unapovunjika Penye Bega Bandia

Ndugu zangu matabibu, wauguzi na wanafunzi wa tiba mliofika hapa Dodoma, karibuni.

Mtulinga uliovunjika mmeuzoea. Kijana kaanguka na bodaboda, mkono unaning'inizwa kwa kitambaa, na mara nyingi wiki 6 hadi 12 zinatosha mfupa kuunga bila kisu. Mwenye bega bandia msimpimie kipimo hicho.

Tazameni bega bandia la kugeuzwa, alilolibuni Paul Grammont kule Ufaransa mwaka 1985. Tufe hufungwa kwenye kombe la bega, bakuli likakaa juu ya mfupa wa mkono, kinyume cha bega la asili. Misuli midogo ya bega kwa kawaida imeshachanika, kwa hiyo kazi ya kunyanyua mkono inauangukia msuli wa deltoidi, ule mnene unaofunika bega, tena ukiwa umekazwa muda wote. Deltoidi hiyo, kwa mbele, imejishikiza kwenye theluthi ya nje ya mtulinga. Mgonjwa akiinua kikombe cha chai tu, mfupa uliovunjika unavutwa. Vipande vikiachana, bega zima linaweza kupoteza nguvu.

Hapo ndipo ninapoona upasuaji una hoja. Mfupa wa mzee ni dhaifu, basi napendelea bamba refu lenye skrubu zinazojifunga kwenye bamba lenyewe. Keekee iendeshwe kwa uangalifu, maana chini ya mtulinga inapita mishipa mikubwa ya damu na neva za mkono. Bamba la ndoano nalikwepa kadiri niwezavyo: ndoano hukaa chini ya akromioni, ile ncha ya kombe la bega iliyo juu ya kiungo, na akromioni hiyo tayari imeelemewa na deltoidi, inaweza kulika au kuvunjika.

Kinachonitia hofu kuliko yote ni maambukizi. Bakteria *Cutibacterium acnes* huishi kwenye ngozi ya bega na huota polepole mno. Sampuli iliyochukuliwa begani ioteshwe maabara hadi siku 14. Ikitupwa siku ya tatu, jibu la "hakuna kitu" halina maana. Ulizeni pia kama bega liliuma hata kabla ya kuanguka, na picha ionyeshe bega zima, kwani kiungo bandia kilichokwisha kulegea hakiponyeshwi kwa bamba la mtulinga.

Mzee akiletwa kutoka Kongwa au Mpwapwa, mwamkieni, kisha muulizeni: "Babu, bega hili liliwahi kupasuliwa? Karatasi zipo?" Mfungueni shati mtafute kovu. Karatasi zikiwa zimebaki nyumbani, mjukuu azipige picha kwa simu azitume kabla babu hajaingizwa chumba cha upasuaji, ili daktari ajue ni kiungo cha aina gani kimo humo ndani.