Chumba cha Hoteli ya Kifahari: Swichi, Bafu na Bili

Haya, wapendwa wangu wa huko nyumbani, karibuni. Leo tunakagua chumba, na sizungushi kamera kwenye mapazia tu. Hoteli hizi za mjini zenye jina la mbunifu hutengenezwa zipendeze macho kwanza. Jinsi ya kuzitumia, ujijue mwenyewe.

Mtindo huu si wa jana. Copenhagen, Denmark, msanifu majengo Arne Jacobsen alibuni hoteli nzima ya SAS Royal, iliyofunguliwa mwaka 1960, kuanzia jengo mpaka uma na vijiko. Kile kiti maarufu chenye umbo la yai kilibuniwa kwa ajili yake. New York, mwaka 1984, wafanyabiashara Ian Schrager na Steve Rubell wakafungua hoteli ya Morgans na kumkabidhi mbunifu Andrée Putman kazi ya kubuni mwonekano wa ndani. Mabafu yake ya vigae vyeusi na vyeupe yalibuniwa na Putman huyo.

Sasa twende mapokezi, maana hela inaanzia hapo. Wakichukua kadi yako, juu ya bei ya chumba hushikilia kiasi cha ziada cha vinywaji na uharibifu. Kwa kadi ya mkopo, kinachopungua ni kikomo chako cha kukopa. Kwa kadi ya debiti, ni pesa yako mwenyewe inayofungiwa, na inaweza kukaa siku kadhaa baada ya kuondoka kabla benki haijaiachia. Kwa hiyo uliza kabla kadi haijapita: mnashikilia kiasi gani kwa kila usiku? Papo hapo omba chumba kilicho mbali na lifti na baa ya juu, kisicho na mlango wa kuingilia chumba jirani. Mlango ule unapitisha hata kikohozi.

Ukiingia ukakuta giza, usipige simu. Tumbukiza kadi ya mlango kwenye kitundu cha ukutani, umeme uwake. Ukitoka nayo, huenda hata soketi ya chaja ikazima. Swichi ya kuzima taa zote huwa karibu na kitanda. Itafute mapema, si saa sita usiku.

Bafu ndilo lenye vituko. Ukuta ni kioo kitupu, kwa hiyo tafuta pazia kabla hujavua. Vishikio vya bomba havina alama: simama pembeni, fungua, subiri joto litulie. Sakafu haina kizingiti, hivyo mteremko ukiwa mdogo au nywele zikiziba tundu, maji yanatembea mpaka kwenye zulia. Laza taulo iliyokunjwa mlangoni.

Kiyoyozi kikigoma, angalia dirisha kwanza. Likiachwa wazi kidogo tu, kihisio hukizima.

Na friji! Msihamishe chupa ili mpate pa kuweka maji yenu. Nyingine zina vihisio, ukinyanyua chupa sekunde chache tu imeshaandikwa kwenye bili. Ombeni friji tupu, wengi hukubali.

Siku ya kuondoka, omba bili yenye mchanganuo, uisome mstari kwa mstari ukiwa bado kaunta. Ukikuta soda usiyoinywa, ifutwe hapo hapo kabla hujarudisha kadi ya mlango.