Vilele vinne kwenye mti mmoja: kuandaa alama za vinasaba za mbuyu

Wenzangu, leo ni mikrosatelaiti za mbuyu, yaani vipande vya DNA ambamo herufi chache hujirudia mara nyingi, na naanza na jambo linalowakwamisha wengi. Mbuyu wa bara la Afrika, Adansonia digitata, una seti 4 za kromosomu. Ndugu zake 6 wa Madagaska na yule mmoja wa Australia wana seti 2 tu. Kwa hiyo mbuyu mmoja unaweza kukupa aleli (matoleo ya kipande) 1, 2, 3 au hata 4 kwenye eneo lilelile la DNA, kila moja ikionekana kama kilele kwenye grafu ya mashine inayopima urefu wa vipande. Aliyezoea miti ya seti 2 akiona vilele 3 hudhani sampuli imechafuka, anaitupa. Ametupa data nzuri.

Tuje kwenye jani. Chuma changa, likaushe kwenye silika (chembe zinazofyonza unyevu) yenye uzito mara 10 ya jani. Kiangazi mbuyu hauna majani, basi kata kipande kidogo cha gome ufikie kambiamu, tabaka hai lililo chini ya gome. Wapikaji wa mlenda wa majani ya mbuyu wanaujua utelezi wake. Hizo ni polisakaridi, na kwenye maabara hufuatana na DNA hadi mwisho na kukizuia kimeng'enya cha PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Tumia bafa ya CTAB (sabuni ya kupasua seli) asilimia 2, yenye NaCl 1.4 M na PVP (polima ya kunasa fenoli) asilimia 2, kwa nyuzi 65 za Selsiasi dakika 45. Safisha kwa klorofomu na alkoholi ya isoamili, 24 kwa 1, mara mbili. Kabla ya kuitoa DNA kwa ethanoli baridi, ongeza NaCl ya 5 M, nusu ya ujazo ulionao: chumvi nyingi huziacha polisakaridi kwenye mmumunyo. Ukipima, usiridhike na uwiano wa 260/280 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280) pekee. Huo unaweza kuwa 1.8 safi huku 260/230 ikiwa chini ya 1, na PCR ikagoma. Punguza DNA mara 20 ujaribu tena kabla ya kuzilaumu praima, vile vipande vifupi vinavyoanzisha unakili. Kizuizi nacho hupungua.

Kutafuta marudio siku hizi ni rahisi, nitapita haraka. Usomaji wa kijuujuu wa jenomu unatosha, ila ondoa kwanza mifuatano ya kloroplasti, maana kwenye DNA ya jani imejaa tele. Sanifu praima za nukleotidi 18 hadi 22, zinazoyeyuka kati ya nyuzi 57 na 60, kwa kipande cha nukleotidi 100 hadi 300. Mwanzoni mwa praima ya mbele weka mkia wa M13, mfuatano maalumu wenye nukleotidi 18. Praima moja yenye rangi inayoushika mkia huo itahudumia jozi zote, lakini kumbuka kila aleli imerefuka kwa 18. Agiza jozi 40, zijaribu kwa miti 8 ya maeneo yaliyo mbalimbali, na usishangae nusu zikifa.

Sasa kazi yenyewe. Marudio ya nukleotidi 2 hutoa vilele vya kivuli, kimoja kifupi kuliko kingine kwa nukleotidi 2, kuanzia aleli halisi. Kwenye mti wa seti 2 unavitambua. Hapa kivuli cha aleli moja kinakaa juu ya aleli nyingine ya kweli na kuikuza. Mimi ningechagua marudio ya 3 au 4, japo tofauti zake baina ya miti ni chache. Vilele vilivyogawanyika kwa nukleotidi 1 husababishwa na kimeng'enya kuongeza adenini kwa baadhi ya nakala tu. Ongeza hatua ya mwisho ya nyuzi 60 kwa dakika 30, ili nakala zote ziipate.

Mti wenye aleli A na B unaweza kuwa AAAB, AABB au ABBB. Kimo cha vilele kinapaswa kuonyesha 3:1, 1:1 au 1:3, lakini aleli fupi hunakilika vizuri kuliko ndefu, na uwiano unapinda. Usipoweza kuzitenganisha, andika ipo au haipo, usibahatishe. Baada ya hapo fomula za kawaida za heterozigosi (kiwango cha aleli tofauti ndani ya mti) hazifai. Umbali wa Bruvo, kipimo cha tofauti kati ya miti miwili kilichotolewa mwaka 2004, kimetengenezwa kwa hali hii.

Aleli isiyonakilika nayo hujificha nyuma ya zile zinazoonekana. Ichunguze kwa mbegu. Otesha mbegu 40 za mti mama unaoujua: kila mche umepokea seti 2 kutoka kwa mama. Mche usioshirikiana naye aleli hata moja unaashiria aleli iliyofichika, au lebo zimebadilishana. Mama akiwa ABCD, na aleli za baba zikitofautika na zake, angalia jozi alizotoa. Zikijitokeza zote 6, kromosomu zinaungana bila ubaguzi. AB na CD zisipoonekana kabisa, A huungana na B, na C na D.

Mwaka 2012 ilipendekezwa spishi ya pili ya bara, Adansonia kilima, yenye seti 2, na mwaka 2016 uchunguzi mwingine ukaipinga. Kwa mti wa nyanda za juu, basi, vilele viwili kwenye alama moja havithibitishi lolote. Vilele vitatu kwenye alama kadhaa vinamaliza ubishi: mti huo si wa seti 2.

Shambani, chukua miti 30 kwa kila eneo, iachane mita 100 au zaidi ili usikusanye ndugu. Rudia asilimia 10 ya sampuli kuanzia kwenye jani, si kuanzia PCR, kisha uripoti kiwango cha makosa kwa kila alama.