Kidonge cha Mgongo na Kazi ya Figo

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo tuzungumze juu ya vidonge ambavyo havikosekani majumbani mwetu: daiklofenaki, ibuprofeni, indomethasini, meloksikamu. Mgongo ukikaza au jino likigonga, ndivyo tunavyokimbilia. Vinatuliza kweli, na sikuja kuwaambia mvitupe. Nimekuja kueleza vinachofanya kwenye figo, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuiumiza figo bila mwenyewe kuhisi chochote, na wengi hugundua wakiwa wamechelewa.

Mwaka 1971 John Vane, akiwa London, alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya 1982. Vidonge nilivyotaja vinapita njia hiyo hiyo. Lakini prostaglandini haziko kwa ajili ya maumivu tu. Figo inazitegemea, hasa siku ambayo mwili uko taabani.

Figo zetu mbili hupokea takriban moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, na kwa siku huchuja kama lita 180 za majimaji. Kila chujio lina kimshipa kinachoingiza damu na kingine kinachoitoa. Kijana mwenye afya, aliyekunywa maji yake, humeza vidonge siku mbili na figo isitetereke. Sasa mchukue mtu aliyeharisha tangu jana, au aliyelima juani kutwa bila maji. Damu yake imepungua, mwili unabana mishipa ili ubongo na moyo visikose. Wakati huo ni prostaglandini zinazokiacha wazi kile kimshipa cha kuingiza damu. Akimeza daiklofenaki, kimshipa kinajibana, chujio linakosa msukumo, mkojo unapungua.

Kuna mgonjwa mmoja ninayemhofia kuliko wote: mzee wa presha. Anatumia losatani au enalaprili, ambazo hulegeza kimshipa cha kutoa damu. Juu yake ana dawa ya kukojoza. Goti linamsumbua, anaingia duka la dawa, anauziwa vidonge vya wiki mbili bila kuulizwa anatumia nini kingine. Pa kuingilia pamebanwa, pa kutokea pamelegezwa, na maji yamepunguzwa. Kila dawa ilitolewa kwa nia njema na mtu tofauti, ndiyo maana hakuna aliyeona hatari.

Na hata figo isiposhindwa, mwili unashikilia chumvi na maji. Miguu inavimba, viatu vinabana, presha inapanda, na daktari asiyejua habari za goti anaongeza dawa ya presha. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, nayo hupanda, kwa kuwa homoni inayoamuru itoke kwenye mkojo imepungua. Hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi: ikizidi, huvuruga mapigo ya moyo, mara nyingi bila kutoa onyo.

Kuhusu nguvu ya daiklofenaki, tazameni tumbusi wa India na Pakistani. Walikuwa mamilioni, wakaanza kuanguka mitini. Mwaka 2004 watafiti walieleza sababu: walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo, figo zikafa, na walipopasuliwa viungo vya ndani vilikutwa vimefunikwa na chokaa nyeupe ya asidi ya yuriki. India, Nepali na Pakistani zilipiga marufuku daiklofenaki ya mifugo mwaka 2006. Binadamu anaihimili vizuri zaidi kuliko ndege yule, lakini si kila binadamu, wala si kila siku.

Mwenye seli mundu figo zake tayari ziko mashakani. Mwenye kisukari cha muda mrefu vivyo hivyo. Mjamzito aliyefikisha wiki 20 asijinunulie vidonge hivi: vinaweza kupunguza mkojo wa mtoto aliye tumboni, na maji yanayomzunguka yakapungua.

Ukiwa unaharisha au unatapika, viweke kando. Homa na maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa kipimo chake inatosha. Anayelazimika kuvitumia miezi kadhaa apimwe damu, kuangalia potasiamu na kreatinini, yaani taka inayoonyesha figo zinachuja vipi, kabla ya kuanza, kisha arudie baada ya wiki chache.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu jeli ya kupaka. Ndiyo, mama, dawa inayoingia kwenye damu kwa njia hiyo ni kidogo sana kuliko ya kidonge. Kwa goti moja linalouma, anza na hiyo, ila mwambie daktari wako kwamba unaipaka.