Ile "L" kwenye majibu ya damu

Mama zangu, baba zangu, sogeeni mbele kidogo, kipaza sauti hiki kina wazimu wake.

Karatasi hii ni majibu yangu ya zamani ya FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu. Tukiwa chuoni, sisi wanafunzi wa maabara tulitoboana wenyewe kwa wenyewe ili tujifunze. Saa mbili asubuhi, nimeketi nimetulia, chembe nyeupe zilikuwa bilioni 3.8 kwa lita. Mashine ikanipiga "L", yaani ziko chini. Jioni nimetoka uwanjani, jasho halijakauka, mwenzangu akanitoboa tena: 7.1. Asubuhi sikuwa mgonjwa, na jioni sikuwa nimepona.

Zilitoka wapi? Nyingi zilikuwamo humohumo. Chembe nyeupe kadhaa hazifuati mkondo wa damu, zimejibanza kwenye kuta za mishipa kama vijana barazani. Ukikimbia, ukishtuka, hata ukigombana na konda, zinabanduka na kuingia njiani, na sindano inazikuta huko. Limfositi, aina moja ya chembe nyeupe, nazo zina ratiba yake: usiku huwa nyingi, asubuhi hupungua.

Hata mkao una neno. Ukilala nusu saa, maji hurudi mishipani, damu ikawa nyepesi, himoglobini, ile inayobeba oksijeni, ikashuka kidogo. Simama, itapanda. Hakuna tone lililopotea.

Sasa hiyo "L" inatoka wapi? Hupimwa watu wazima wenye afya, halafu wanaachwa nje asilimia 2.5 wa juu kabisa na 2.5 wa chini kabisa. Kwa hiyo katika kila kipimo, mzima mmoja kati ya 20 ataonekana ana kasoro. Na FBP ina mistari mingi. Pigeni hesabu wenyewe.

Hapa nina ugomvi kidogo. Viwango vingi vilivyozoeleka vilitokana na damu ya Wazungu. Wengi wetu Waafrika tumerithi badiliko katika jeni ya Duffy, lililowakinga mababu zetu na aina moja ya malaria, ile ya vivaksi. Badiliko hilohilo hufanya neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zinazozunguka kwenye damu ziwe chache, na kinga ya mwili haidhoofiki. Nimemwona mtu hana homa, hana kidonda, kaandikiwa antibayotiki kwa sababu ya "L" tu.

Kila mtu ana kimo chake. Mimi asubuhi huwa kwenye 3.5 hadi 4.5, miaka nenda rudi. Lakini mtu aliyezoea 9, leo akija na 4.2, mashine itanyamaza kimya, maana 4.2 imo ndani ya kiwango. Huyo ndiye ningemwita arudi kupimwa. Ningemjuaje, kama karatasi ya mwaka jana kafungia maandazi?

Haya, nani kaja na majibu ya zamani? Mama pale nyuma, nimeona umeyafunga kwenye pindo la kanga. Yalete tuyasome.