Kuulizwa na Kuambiwa: Mataifa Makubwa na Rafiki Zao Kabla ya Vita

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu na vijana mliofika,

Nimeombwa nijibu kama mataifa yenye nguvu hushauriana na washirika wao kabla ya kutumia jeshi. Mlionisikia siku nyingine mnajua kwamba mimi huanza kwa kugombana na swali lenyewe, kwa sababu neno "kushauriana" tunalitumia ovyo. Mtu anapoletewa kadi ya mchango wa harusi, ambayo tayari imeandikwa tarehe, ukumbi na kiasi anachotarajiwa kutoa, hawezi kusema ameshirikishwa katika kuipanga harusi ile. Ameambiwa. Aliyeulizwa ni mjomba aliyeitwa kwenye kikao cha kwanza, wakati posa haijapelekwa na bado inawezekana mtu mzima akakohoa na kusema familia ile hapana. Mimi hupima kwa kigezo hicho kimoja tu: je, wakati rafiki anafikiwa, neno lake bado lingeweza kubadilisha kitu? Viongozi wengi wa dunia hutuma kadi za mchango, kisha wakihojiwa husema walifanya kikao.

Najua kuna atakayenikumbusha mkataba wa NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na washirika wake wa Magharibi, wa mwaka 1949, ambao kifungu chake cha 4 kinasema wanachama watashauriana pale mmoja wao atakapoona kwamba mipaka, uhuru au usalama wa mwanachama yeyote umetishiwa. Ni kifungu kizuri, nami nimekisoma zaidi ya mara moja. Hakisemi, hata hivyo, kwamba mwanachama anayekwenda kupigana mahali pengine kwa sababu zake mwenyewe aombe kwanza ruhusa ya wenzake.

Mfano wangu ni Grenada. Naona wengine mnatabasamu. Vumilieni, kwani sijapata mfano mwingine unaoonyesha jambo hili kwa saa na dakika.

Grenada ni kisiwa kidogo cha Karibi, mwanachama wa Jumuiya ya Madola kama sisi, na mkuu wake wa nchi wakati huo alikuwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Tarehe 19 Oktoba 1983 Waziri Mkuu wake, Maurice Bishop, aliuawa baada ya mgawanyiko ndani ya serikali yake mwenyewe, na jeshi likashika madaraka. Siku chache baadaye, Jumatatu tarehe 24, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Geoffrey Howe, alisimama bungeni London akasema kwamba hajui lolote kuhusu nia ya Marekani kukivamia kisiwa hicho. Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo penye aibu. Jioni hiyo hiyo, saa moja na robo usiku, Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, akiwa na wageni ofisini kwake Downing Street, ulifika ujumbe wa Rais Ronald Reagan ukieleza kwamba anatafakari kwa uzito ombi la visiwa jirani la kuingia Grenada kijeshi, na kwamba angependa kupata mawazo yake. Ilipofika saa tano usiku ukafika ujumbe wa pili: ameshaamua kulikubali ombi lile. Alfajiri, askari wa Marekani wakatua.

Hesabuni wenyewe. Kati ya kuombwa mawazo na kuarifiwa uamuzi hazikupita saa nne, na meli za kivita zilikuwa zimekwisha kugeuzwa kuelekea kule siku kadhaa kabla ya ujumbe wa kwanza kuandikwa. Thatcher alijibu kwa maandishi, akapiga na simu, akisema anapinga. Lakini alikuwa mtu aliyepewa kadi ya mchango, ukumbi ukiwa umekwisha kulipiwa.

Tarehe 26 Reagan akampigia simu, na maneno ya simu ile yanajulikana kwa sababu ilirekodiwa. Alianza kwa utani, akasema kama angekuwa pale angetupia kofia yake mlangoni kwanza kabla ya yeye mwenyewe kuingia, kama afanyavyo mtu anayetaka kujua iwapo mwenye nyumba bado amekasirika. Huku kwetu ziwani tungesema alikuwa anapiga hodi akiwa amekwisha kukaa na chai amekwisha kunywa. Akaeleza kwamba aliogopa siri isivuje, na kwamba aliyemtilia shaka si London bali watu wa upande wake mwenyewe. Thatcher alimjibu kwa upole, kisha akaomba arudi kwenye mjadala bungeni, ambao alikiri kwamba ulikuwa mgumu kidogo. Mgumu kweli, maana wabunge walikuwa wanamuuliza swali hili hili mliloniuliza mimi.

Sasa kuna kijana ataniambia: "Mzee, vita ni siri, na siri ikivuja askari wanakufa." Hoja hii naisikia kila mwaka, na kila mwaka jibu ni lile lile. Siri ile ilijulikana Barbados, ilijulikana Jamaika, ilijulikana Dominica, ambayo Waziri Mkuu wake, Eugenia Charles, alisimama kando ya Reagan mbele ya waandishi wa habari asubuhi ya uvamizi. Itakuwaje siri iwe salama katika visiwa vyote hivyo, halafu iwe hatarini mikononi mwa mshirika mkubwa kuliko wote, ambaye majasusi wake na wa Marekani hubadilishana mafaili kila siku? Visiwa vile viliulizwa kwa sababu vilikuwa na kitu: ombi lao ndilo lililokuwa kisingizio cha kisheria, na uwanja wa ndege wa Barbados ndio uliotumika kupitishia askari na vifaa. London haikuwa na kitu isipokuwa urafiki na uwezo wa kusema hapana.

Msiniambie kwamba ni tabia ya Reagan tu, kwa sababu miaka miwili na nusu baadaye Reagan huyo huyo alimwomba Thatcher huyo huyo kwanza. Aprili 1986 Marekani ilitaka kuipiga Libya, na ndege za F-111 zilizohitajika zilikuwa kwenye viwanja vya Uingereza. Safari hii ujumbe ulikuja mapema, Thatcher akauliza maswali, akataka kujua shabaha ni zipi na sheria ya kujihami inasemaje, akajibiwa, ndipo akakubali. Ufaransa na Hispania, zilizoombwa anga yao, zilikataa, na ndege zikalazimika kuizunguka rasi yote ya Hispania kwenda na kurudi. Kilichobadilika kati ya 1983 na 1986 ni mahali zilipoegeshwa ndege. Mwenye uwanja huulizwa. Asiye nao huletewa habari. Uturuki nayo iliulizwa mwaka 2003 kwa sababu Marekani ilihitaji kupitisha jeshi kwenda Iraki kaskazini, na tarehe 1 Machi wabunge 264 walikubali, 250 wakakataa, 19 hawakuegemea upande wowote, hoja ikaanguka kwa kukosa wingi wa waliohudhuria. Zana za divisheni nzima zilikuwa zimekaa melini baharini, zikisubiri jibu la Bunge la watu wengine.

Kwa kuwa nimeitaja Libya, sisi wa Mwanza tuna haki ya kuongeza neno. Machi 1979, Muammar Gaddafi akimsaidia Idi Amin, alimpa Mwalimu Nyerere saa 24 za kuyaondoa majeshi yetu Uganda. Hiyo nayo ni taarifa, tena iliyo uchi kabisa. Mwalimu hakuyaondoa, na ndege ya kivita ya Libya aina ya Tu-22 ikatumwa kulipua hifadhi ya mafuta ya mji huu. Ilikosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, ambacho ukisimama Capri Point unakiona miti yake, yakaua swala.

Hapo kuna swali ambalo mtu mwaminifu hawezi kulikwepa: na sisi je? Kumtoa Amin Kagera hakukuhitaji ruhusa ya mtu, maana aliyevamiwa haombi kibali cha kujitetea. Kuendelea hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979, kulikuwa uamuzi mwingine, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukuulizwa. Kwenye mkutano wa Monrovia, Julai mwaka huo, Rais Nimeiri wa Sudan alitulaumu waziwazi. Mimi nilishangilia Kampala ilipoanguka na nisingebadilisha kitu, lakini kigezo nilichompimia Reagan hakiwezi kupinda kwa sababu tu safari hii wanaopimwa ni sisi. Aliyekuwa karibu nasi kabisa ni Samora Machel, naye alikuwa ameleta kikosi cha askari. Mnaona tena: mwenye kitu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo Kuba ya 1962, Marekani ilipogundua makombora ya Kisovieti kisiwani humo, nitaipita mbio. Rais Kennedy wa Marekani alimtuma mjumbe wake, Dean Acheson, kwa Rais de Gaulle wa Ufaransa, na de Gaulle akamuuliza kama amekuja kushauriana au kuarifu. Acheson akajibu: kuarifu. Napenda jibu lile kwa unyoofu wake. Upande wa pili haukuwa bora, kwani Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, alipokubali kuondoa makombora yake, Fidel Castro, kiongozi wa Kuba, ambaye makombora yalikuwa kwenye ardhi yake, aliisikia habari hiyo redioni. Nanyi mtasema kwamba Castro alikuwa na uwanja. Ni kweli, na alipoombwa uwanja aliulizwa. Wakati wa kuondoka hakuhitajika tena.

La mwisho ni Libya ya 2011. Umoja wa Afrika uliunda kamati ya marais wa Mauritania, Afrika Kusini, Mali, Kongo na jirani yetu Uganda ili kwenda Tripoli kutafuta suluhu. Tarehe 19 Machi kamati ilikutana Nouakchott, ikiwa imepanga kuruka kesho yake, na kwa kuwa Azimio 1973 la Umoja wa Mataifa lilikuwa limefunga anga ya Libya, iliomba kibali cha ndege. Ikanyimwa, na siku hiyo hiyo mabomu yakaanza kuanguka. Wale walipiga hodi kama inavyotakiwa, wakiwa bado nje ya mlango.

Suez ya 1956 nilikuwa nimeiandikia kurasa nne, nitazirudisha nyumbani. Mwenye swali aanze.